Mlipe kibarua kabla jua halijachwa
Utii wa Neno hukwama zaidi mfukoni. Kumbukumbu la Torati 24:14-15 inaagiza kibarua alipwe siku ileile, kwa kuwa ni maskini na tumaini lake liko kwenye ujira huo. Walawi 19:13 inakataza hata kuulaza mpaka asubuhi.

Kwa hiyo ukimwita fundi bomba au mama wa kufua, patana bei kabla hajagusa kazi, na utenge hela asubuhi hiyohiyo. Hiyo ya "sina chenji, pitia kesho" huanzia pale usipotenga. Ukilipa kwa simu, tuma na ya kutolea: ukimtumia 10,000 kamili, makato anayabeba yeye, na bei mliyopatana umeishusha kimyakimya.

Dada wa kazi anayelipwa kwa mwezi mpangie tarehe moja uishike. Umekwama? Mwambie siku mbili tatu kabla na umpe nusu, usimpige chenga.

Kama kuna deni la zamani, lilipe kabla ya kufunga bahasha ya sadaka. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa hupiga kelele. Hata kama fundi amehama, namba yake huenda bado iko kwenye simu yako.