Kudhibiti Uozo wa Viazi Kabla Bakteria Hawajawa Wengi

Kiazi kinaweza kubeba bakteria wa uozo laini, Pectobacterium, kwa miezi kadhaa bila dalili yoyote, kisha kikaoza chote kwa siku chache. Kila bakteria hutoa kemikali ndogo inayosambaa nje ya mwili wake. Wakiwa wachache, kemikali hiyo hupotea. Wakijazana mahali pamoja, hukolea hadi kufikia kiwango kinachowaamsha wote kwa pamoja watengeneze vimeng'enya vya kuyeyusha pektini, yaani kile kinachoshikanisha seli za kiazi. Kwa kungoja hivyo hawaushtui mmea mapema, na ulinzi wake unapoamka huwa umechelewa. Tabia ya namna hii ilielezwa mwaka 1970 kwa bakteria wa baharini ambao hutoa mwanga pale tu wanapokuwa wengi.

Kwa mkulima, maana yake ni kwamba kazi yote iko kabla ya kiwango hicho kufikiwa, kwa kuwa kiazi kilichoanza kuoza hakina dawa. Maji ndiyo adui wa kwanza: utando wa maji juu ya ganda hukinyima kiazi hewa, hudhoofisha ulinzi wake na kuwaacha bakteria waongezeke wasisumbuliwe. Kata majani wiki mbili hivi kabla ya kuvuna ili ganda likomae, vuna udongo ukiwa mkavu, usivirushe viazi, wala usivioshe kabla ya kuvihifadhi. Ghala lipitishe hewa, na kiazi kinachooza kiondolewe pamoja na vyote vilivyolowa kwa majimaji yake.

Bakteria wa mnyauko, Ralstonia, nao huwasiliana kwa kemikali, ingawa ni ya aina nyingine. Wakishakuwa wengi ndani ya shina hutoa ute mwingi unaoziba mirija ya maji, na mmea hunyauka ukiwa bado wa kijani. Ukiushuku, kata kipande cha shina karibu na udongo na ukining'inize ndani ya glasi ya maji safi: uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye jeraha, ugonjwa ndio huo. Ng'oa mmea pamoja na viazi vyake, usiutupe kwenye mboji wala mferejini, safisha kisu na jembe, na msimu unaofuata panda mahindi, si nyanya, bilinganya wala pilipili.