Kukusanya Vijarida vya Mashabiki wa Roki vya Miaka ya 1966 hadi 1980: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu unahusu vijarida ambavyo mashabiki wa muziki wa roki nchini Marekani na Uingereza walijichapia wenyewe kabla kompyuta hazijaingia majumbani. Viliuzwa kwenye maduka ya santuri na milangoni mwa kumbi za muziki, au vilitumwa kwa posta, na vingi vikatupwa mara baada ya kusomwa. Anayevikusanya leo hukabiliwa na ugumu wa namna yake: mara nyingi nakala halisi yenyewe ni fotokopi, na yeyote mwenye mashine anaweza kutoa fotokopi nyingine. Kwa hiyo jifunze kwanza kuitambua mashine na karatasi. Jina la bendi iliyo jaladani litafuata.

Hatua ya 1: Chagua uwanja mdogo

Usinunue kila unachokutana nacho. Kizazi cha kwanza cha Marekani kina uhusiano wa karibu na mashabiki wa hadithi za kubuni za kisayansi, ambao walikuwa wakijichapia vijarida tangu miaka ya 1930. Paul Williams alikuwa mwanafunzi wa chuo cha Swarthmore mwenye umri wa miaka 17 alipoanzisha Crawdaddy! mwezi Februari 1966. Mwaka huohuo Greg Shaw na David Harris walianza kutoa Mojo-Navigator mjini San Francisco, na mwaka 1970 Shaw akaanzisha Who Put the Bomp. Kizazi cha pili ni cha panki, aina ya roki yenye kasi na ukali: Punk la New York lililotoka Januari 1976, Sniffin' Glue la Mark Perry lililoanza London mwezi Julai mwaka huo, Ripped & Torn la Glasgow, kisha Search & Destroy la San Francisco mwaka 1977 na Touch and Go la Michigan mwaka 1979.

Kwa anayeanza, ningependekeza panki ya Uingereza. Bei zake si nafuu, lakini vijarida vingi viliishi muda mfupi, hivyo seti kamili ina mwisho unaoonekana. Sniffin' Glue lilifikia toleo la 12 mwaka 1977 likakoma.

Hatua ya 2: Andaa orodha kabla ya kutoa fedha

Kwa kila toleo, andika tarehe, idadi ya kurasa, ukubwa wa karatasi na vitu vilivyoambatanishwa. Vitabu vilivyokusanya matoleo ya zamani husaidia sana hapa. Cha Sniffin' Glue kilitoka mwaka 2000 na cha Touch and Go mwaka 2010, na unaweza kulinganisha ukurasa kwa ukurasa. Usisahau viambatanisho. Toleo la 12 la Sniffin' Glue lilitoka na santuri laini ya plastiki ya Alternative TV, bendi ya Perry mwenyewe, na nakala isiyo nayo haipaswi kuuzwa kwa bei ya nakala kamili.

Orodha hiyo itakukinga pia na simulizi za wauzaji. Mchoro maarufu wa kodi tatu za gitaa (kwa Kiingereza chords, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja), unaomhimiza msomaji akaunde bendi, hutajwa kila mara kuwa ni wa Sniffin' Glue, ilhali ulitoka katika kijarida kingine, Sideburns, mapema mwaka 1977. Muuzaji asiyelijua hilo si lazima awe tapeli, ila maelezo yake mengine yahakiki mara mbili.

Hatua ya 3: Tambua mashine

Vijarida vya awali vilichapwa kwa stensili, mashine ileile iliyotoa karatasi za mitihani katika shule zetu nyingi. Wino wake huzama ndani ya nyuzi za karatasi, ambayo huwa nene kidogo na yenye kunyonya, na mara nyingi tumbo la herufi kama "o" hujaa wino. Mashine ya spiriti, iliyorudufu kurasa kwa kutumia kimiminika cha spiriti, ilitoa maandishi ya zambarau yanayofifia kwenye mwanga. Ofseti, uchapishaji wa viwandani, huacha wino bapa, na ukitumia kioo cha kukuzia utaona picha zake zimeundwa kwa vitone vilivyopangika.

Penye fotokopi, tulia. Tona, yaani unga wa wino wa mashine ya fotokopi, haizami, hukaa juu ya karatasi, na ukiinamisha ukurasa kwenye mwanga utaona mng'ao mdogo. Fotokopi iliyotolewa kutoka fotokopi nyingine hunenepesha herufi na kumeza rangi za kijivu za picha, hadi nyuso za wanamuziki zinabaki weusi na weupe mtupu. Ishara ninayoiamini kuliko zote ni kivuli kilichochapwa: ukiona alama ya pini ya kubania kurasa (stepla) au ya mkunjo ambayo ni picha tu, bila pini wala mkunjo wenyewe, ujue ukurasa huo ulinakiliwa kutoka nakala iliyokwisha kubanwa au kukunjwa. Hata hivyo, wapo wahariri waliojirudufia matoleo yao yalipokwisha, kwa hiyo nakala ya pili si lazima iwe ghushi. Inatakiwa tu iuzwe kwa jina lake.

Kisha chukua rula. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297, wakati ya kawaida ya Marekani ina 216 kwa 279. Kijarida cha London cha mwaka 1977 kilicho kwenye karatasi ya Kimarekani kinahitaji maelezo. Taa ya urujuanimno (UV), inayosifiwa sana kwa kuwa huifanya karatasi yenye kemikali za kung'arisha iwake, haitoshi kuwa ushahidi kwamba karatasi ni mpya, kwa sababu kemikali hizo zilikuwapo tangu miaka ya 1950. Pini mpya kwenye karatasi iliyogeuka manjano, pamoja na matundu ya ziada, huonyesha kwamba kurasa ziliwahi kutenganishwa.

Hatua ya 4: Nunua

Omba picha ya kila ukurasa, ya kona yenye pini na ya upande wa nyuma, kisha uliza nakala ilitoka kwa nani. Sisitiza itumwe ikiwa bapa katikati ya makadibodi mawili. Mimi huchagua nakala iliyochakaa lakini kamili kuliko safi iliyopungukiwa na ukurasa.

Hatua ya 5: Hifadhi

Usitumie kamwe mifuko ya PVC, kwani kemikali zinazoilainisha plastiki hiyo huyeyusha tona na kuing'oa kwenye karatasi. Tumia mifuko ya polyesta na masanduku yasiyo na asidi, mbali na jua. Wanaoishi pwani wana adui mwingine, unyevu, unaootesha kutu kwenye pini na kuvu kwenye karatasi. Lenga unyevu usiozidi asilimia 50. Pini iliyoshika kutu itolewe taratibu kwa kuinyoosha miguu upande wa nyuma. Gundi ya utepe isiguse kijarida kwa hali yoyote.

Hatua ya 6: Weka kumbukumbu

Piga skani ya rangi, hata kama ukurasa ni mweusi na mweupe, ili rangi ya karatasi na madoa ya kutu yaonekane. Kabla ya kuwaonyesha wengine, ficha anwani za nyumbani zilizo kwenye kurasa za barua, na ukumbuke kwamba haki ya maandishi bado ni ya walioyaandika.