Somo: Kusafisha na kurekebisha vali za RAVE kwenye pikipiki ya theluji

Swali la "injini yangu haivuki katikati, inakuwa kama imeshikwa" limejibiwa mara nyingi mno, na kila mara kwa vipande vipande. Nimeyakusanya yote hapa. Someni mpaka mwisho kabla ya kuuliza.

Somo linahusu RAVE, yaani vali ya ekzosi inayorekebishika, ya injini za Rotax za mipigo miwili, ile ya zamani inayofunguliwa na presha ya ekzosi yenyewe na yenye kifundo chekundu juu ya kifuniko. VES, vali ya aina hiyo ya kampuni ya Polaris, inafanana nayo kwa mengi. Mashine ambazo vali zake huvutwa kwa kebo na mota zinasafishwa vivyo hivyo, ila marekebisho yake ni mengine kabisa.

Kazi ya vali ni kushusha na kupandisha paa la mlango wa ekzosi. Mizunguko ya injini ikiwa michache, springi inasukuma kisu (bamba la chuma linaloziba sehemu ya juu ya mlango) ndani, mlango unakuwa mfupi na injini inavuta vizuri. Mizunguko ikipanda, presha inapita kwenye vitundu vya nyumba ya vali, inajaza mpira wa mvukuto (mpira wenye mikunjo unaotanuka) na kukivuta kisu nje. Hapo mlango unakuwa mrefu na injini inapumua.

Kwa hiyo dalili zinajieleza. Kisu kikiganda ndani, mashine inaondoka vizuri lakini haifiki mizunguko yake ya juu. Kikiganda nje, inaondoka kwa uzito halafu inaamka ghafla ikishachanganya. Mpira ukitoboka, utaona kama ile ya kwanza, na mara nyingi mafuta meusi yanadondoka kwenye kitundu cha kutolea uchafu. Mafuta hayo hayo yanaweza kutoka pia kwa sababu ringi ya springi inayobana mpira imelegea, basi kagua ringi kabla ya kununua mpira.

HATUA

1. Injini ipoe kabisa. Ekzosi ikizuia mkono, itoe.

2. Piga picha. Kwa kalamu ya wino usiofutika andika namba ya silinda kwenye kila nyumba ya vali. Kisha kaza kifundo chekundu mpaka mwisho huku ukihesabu mizunguko, na uiandike. Hiyo ndiyo njia yako ya kurudi ulikotoka.

3. Kandamiza kifuniko kwa kiganja, ndipo utoe klipu ya waya. Chini yake kuna springi iliyobanwa.

4. Toa springi, legeza ringi ya mpira, fungua kwa mkono kikombe cha plastiki kinachoshikilia mpira, kisha toa mpira.

5. Fungua bolti mbili na uvute nyumba pamoja na kisu. Kabla kisu hakijatoka chote, weka alama upande wake wa juu. Kikigoma, pulizia dawa ya kusafishia kabureta, subiri dakika 15, ukitikise taratibu. Usichokonoe kwa bisibisi kwenye uso wa gasketi; alumini ikikwaruzika presha itavuja.

6. Loweka kisu kwenye dizeli usiku mzima, kisha sugua kwa brashi ya nyuzi za shaba au kipande cha plastiki ngumu. Msasa hapana. Brashi ya mashine hapana. Dawa ya kusafishia oveni usiiweke kwenye nyumba ya vali, kwa sababu nyingi zina soda kali inayokula alumini. Mpira ufute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni tu. Petroli na dawa ya breki zinaufanya uvimbe na kulegea. Ukikauka, ufungue mikunjo kwa vidole mbele ya taa. Matobo huanzia ndani ya mikunjo.

7. Zibua vitundu vya presha kwenye nyumba na kwenye silinda kwa waya laini, kisha puliza hewa. Hatua hii wengi wanairuka. Kisu kinaweza kung'aa kama kipya na vali isifunguke, kwa kuwa hakuna presha inayofika kwenye mpira.

8. Kabla ya kusafisha mfereji wa kisu kwenye silinda, pandisha pistoni ya silinda hiyo mpaka juu kabisa. Ikiwa juu, sketi yake inafunika mlango wa ekzosi, na masizi yataangukia upande wa ekzosi badala ya ndani ya injini. Nyonya uchafu kwa mashine ya kufyonza vumbi kabla hujaishusha.

9. Kurudisha kisu. Hapa ndipo injini zinapokufa, nami nimewahi kukiweka kinyume, kwa hiyo soma polepole. Ncha ya kisu imekatwa kwa mshazari ili ilale sawa na paa la mlango. Kisu kinaingia kwenye mfereji hata kikigeuzwa juu chini, lakini kikiwa kinyume kona yake inaingia mahali pa pistoni. Nafasi kati ya kisu na ukuta wa silinda kiwandani ni angalau milimita 0.5, na haina ziada. Fuata alama uliyoweka, kisha thibitisha: toa plagi, sukuma kisu kwa kidole mpaka mwisho, zungusha injini taratibu kwa mkono kwenye klachi mizunguko miwili kamili. Ukisikia mguso wowote, hata mdogo, simama. Usivute kamba ya kuwashia "kuona kama itapita". Ringi ya pistoni ikinasa kisu, unapoteza pistoni na silinda pamoja.

Gasketi iwe ya unene ule ule wa mwanzo, maana ndiyo inayoamua kisu kiingie kiasi gani. Ukiiacha, kisu kinasogea ndani. Na silinda ikishachongwa kwa pistoni kubwa zaidi, nafasi hiyo inapungua. Ipime upya kabla ya kufunga.

10. Kabla ya kuweka springi, kisu kiteleze chenyewe bila kusukumwa. Kikisita, rudi hatua ya 6. Unapofunga kikombe, shika mpira usizunguke nacho. Mpira uliosokoteka hupasuka mapema. Kikombe kikazwe kwa mkono mpaka kikae. Bolti za M6 kwenye alumini zinatosha kwa takriban Nm 10, ila namba ya mwongozo wa injini yako ndiyo ya mwisho.

11. Kurekebisha. Rudisha kifundo ulipokikuta, kisha ujaribu kwenye theluji tambarare, injini ikiwa na joto. Ukikaza, springi inabanwa na vali inachelewa kufunguka. Ukilegeza, inawahi. Ukisikia injini inashikwa katikati halafu inaruka ghafla, legeza mzunguko mmoja. Ikilegea nguvu kabla ya kuchanganya, kaza mmoja. Vali zote ziguswe sawasawa, na badiliko moja kwa jaribio moja.

MASWALI

Swali: Mkuu nimesafisha kila kitu lakini bado haifiki juu. Tatizo nini?

Jibu: Kila kitu ni nini? Vitundu umevizibua? Mpira umeukagua mbele ya taa? Hatua ya 6 na ya 7.

Swali: Vitundu sikuvigusa. Viwili vilikuwa vimeziba kabisa, sasa inapanda vizuri. Asante.

Jibu: Safi. Na asante kwa kurudi kusema.

Swali: Samahani, mimi bado najifunza. Kama vali ikiwa wazi ndiyo nguvu inapatikana, kwa nini tusiiache wazi muda wote?

Jibu: Swali zuri sana hili. Mlango mrefu unafunguka mapema pistoni ikishuka na kufungwa kwa kuchelewa ikipanda. Kwenye mizunguko mingi bomba la ekzosi linarudisha wimbi la presha kwa wakati, linausukuma mchanganyiko uliotaka kutoroka urudi ndani. Kwenye mizunguko michache wimbi hilo linafika mapema mno, mlango ungali wazi baada yake, na petroli isiyoungua inatoka na moshi. Unapata ulaji mkubwa na mashine isiyotaka kuondoka. Ukielewa hivyo utaelewa pia kwa nini springi iliyochoka inaharibu uondokaji: vali inafunguka kabla ya wakati.

Swali: Unatisha watu bure na hiyo gasketi. Mimi nilipaka silikoni tu na mashine inatembea.

Jibu: Inatembea mpaka siku itakapogusa. Utando wa silikoni hauna unene unaojulikana, na hapa tunazungumzia nusu milimita. Pia silikoni iliyozidi inaingia kwenye vitundu vya presha. Injini ni yako, ila usimshauri mwenzako hivyo.

Swali: Naweza kutumia msasa laini?

Jibu: Hapana. Hatua ya 6.

Swali: Nisafishe kila baada ya muda gani? Zangu zinajaa masizi haraka sana.

Jibu: Mara moja kwa msimu inatosha kwa mafuta mazuri ya injini. Zikijaa haraka, tafuta chanzo: pampu ya mafuta imefunguliwa kupita alama yake, kabureta inamwaga petroli nyingi, au mashine inaachwa ikinguruma muda mrefu bila kwenda. Chagua mafuta ya daraja la JASO FD au ISO-L-EGD, yanayoacha mabaki machache, na yawe yanatiririka kwenye baridi kali.

Swali: Vali ziko sawa, zote zinacheza, lakini mizunguko ya juu inapungua kama 300. Nikaze au nilegeze kifundo?

Jibu: Usikiguse. Kifundo kinabadilisha wakati wa kufunguka, na juu kabisa vali imeshafunguka yote. Angalia mkanda wa klachi kama umechakaa, kisha uzito wa klachi ya mbele na springi yake.

Mwanachama mwingine anaongeza: kwa wanaohangaika na springi za kushikia ekzosi, ikunje springi kwenye jiliwa, chomeka washa nyembamba kati ya mizunguko yake pande zote. Inabaki ndefu, unaipachika bila kuvutana nayo, kisha unazing'oa washa moja moja kwa koleo.

Jibu: Hiyo naipokea. Vaa miwani tu, zikiruka zinaelekea usoni.