Makosa ya Kiingereza yanayotokana na Kiswahili chako: jinsi ya kuyakamata kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne

Nimetoka kumsaidia binti mmoja anayerisiti Kiingereza. Msamiati anao na mwandiko wake unasomeka, lakini insha zake zilikuwa zinarudi zimejaa wino mwekundu. Tulipozigeuza sentensi zake mbovu kuwa Kiswahili, karibu zote zilinyooka. Hakuwa anakosea ovyo. Alikuwa anaandika Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza. Kwa hiyo kitabu cha sarufi kiweke pembeni kwanza, tuanze na makosa yako mwenyewe.

Hatua ya 1: Kusanya

Pekua mazoezi na insha zako zilizosahihishwa. Kila sentensi iliyopigwa wino mwekundu, inakili kwenye kauntabuku, upande wa kushoto. Upande wa kulia andika Kiswahili ulichokuwa unakiwaza ulipoiandika. Usiipe simu ikusahihishie. Itakurudishia sentensi safi bila wewe kujua ulipojikwaa, na chumba cha mtihani huingii nayo.

Ukiishiwa makosa yako, ingia tovuti ya Baraza la Mitihani utafute taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo la English Language, namba 022. Humo wamebandika majibu halisi ya watahiniwa, mazuri na mabovu, wakaeleza tatizo liko wapi. Mimi nazithamini kuliko vitini vya kudurufu vinavyouzwa mitaani, maana vingi huorodhesha kanuni tu.

Hatua ya 2: Futa mtu wa ziada

"My father he is a farmer." Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtendaji ndani yake, "baba *a*nalima", ndiyo maana mkono unaongeza "he". Futa. Ni vilevile kwa "the man whom I saw him", ambayo imetoka kwenye "niliye*mw*ona". Futa "him".

Hatua ya 3: "Did" na "does"

"Did" ikishaingia, imeshabeba wakati uliopita: "he did not go", si "did not went". "Does" nayo imeshaichukua ile "s": "she does not know".

Hatua ya 4: Kiambishi -me-

Hapa ndipo tulipokesha. Wengi tulifundishwa shuleni kwamba -me- ni "has" au "have", basi. Kanuni hiyo ni kweli nusu, na ile nusu nyingine ndiyo inayokula alama. Ukikutana na -me- kichwani mwako, usitafsiri kwanza. Jiulize iko kundi gani.

Kundi la kwanza ni tendo lililokwisha, wakati wake haukutajwa. "Amefika" ni "He has arrived". Hapa kanuni ya shule inafanya kazi, na maneno kama "just", "already" na "so far" hupenda kukaa hapa.

Kundi la pili, wakati umetajwa na umeshapita. Sisi husema "amefika jana" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza hakikubali: "He arrived yesterday". Ukiona "yesterday", "last week", "in 2019", "two days ago" au "when I was in Form Two", "has" lazima iondoke. Angalia lakini: "today" na "this week" bado hazijaisha, kwa hiyo "I have seen her this week" ni sahihi. "This morning" inategemea kama unaandika asubuhi hiyohiyo au jua limeshapinda.

Kundi la tatu ndilo gumu. Mara nyingi -me- haitaji tendo kabisa, inataja hali aliyonayo mtu sasa hivi. Amelala, amekaa, amesimama, amevaa, amechoka, amekasirika, ameoa. Mtahiniwa anaelezea mgeni kwenye insha na kuandika "She has worn a red dress", kumbe alitaka kusema "She is wearing a red dress". Vivyo hivyo "He is sitting", "He is standing", "He is asleep", "I am tired", "He is married". Kipimo ninachotumia: je, naweza kuongeza "tazama" mbele yake? "Tazama, amevaa gauni jekundu." Kama unamwonyesha mtu hali inayoonekana, "has" haifai. Kipimo hiki si kamili. Kwa "amekufa", "He is dead" na "He has died" zote ni sahihi, ila ya kwanza inataja hali na ya pili inataja tukio.

Ongeza na hili: "amekwenda Dodoma" na bado yuko huko ni "He has gone to Dodoma". Aliyewahi kwenda akarudi ni "He has been to Dodoma". Ukichanganya, umemwacha mtu Dodoma wakati umekaa naye sebuleni.

Halafu mambo yanageuka. Kuna mahali Kiswahili hakina -me-, lakini Kiingereza kinaidai "have". "Naishi Tanga tangu 2019" si "I live" wala "I am living". Ni "I have lived in Tanga since 2019". "Since" hufuatwa na pale jambo lilipoanzia, "for" hufuatwa na urefu wa muda: "since 2019", "for three years".

Mwisho wa hatua hii ni -ja-. "Tuliondoka kabla hajafika." Ule ukanushi wa "hajafika" unamponza mtahiniwa, anaandika "before he has not arrived". Kiingereza hakikanushi hapo: "We left before he arrived". Kwa wakati ujao, "I will leave before he arrives", na "will" isirudiwe baada ya "before". Sheria hiyohiyo inashika "when" na "until": "I will call you when he arrives".

Zoezi lake: mwombe mtu akusomee sentensi za Kiswahili zilizochanganywa, wewe utaje kundi tu. Kiingereza kifuate baadaye. Usiende hatua ya 5 mpaka uweze kutaja kundi bila kusita.

Hatua ya 5: Kiunganishi kimoja kinatosha

"Although he was sick, but he came" ni "ingawa… lakini" yetu. Toa kimoja. Na andika "despite being sick" au "in spite of being sick". "Despite of" haipo.

Hatua ya 6: Vijiswali vya mkiani

Sisi "sivyo?" inamaliza kazi zote, ndiyo maana wengi hubandika "isn't it?" kila mahali. Chukua kitenzi kisaidizi cha sentensi, ukigeuze upande, kikubali kiwe kikanushi na kikanushi kiwe kikubali: "She can swim, can't she?", "They went home, didn't they?" ("went" imeficha "did" ndani yake). Hizi kariri tu: "I am late, aren't I?", "Let's go, shall we?", "He seldom comes, does he?". "Seldom", "hardly" na "never" zinahesabiwa kuwa ukanushi.

Na ukiulizwa "Didn't you go?" wakati hukwenda, jibu ni "No, I didn't", hata kama moyo unasema "ndiyo".

Hatua ya 7: Za kukariri

"Advice", "information", "furniture", "equipment": hazipokei "s". "Discuss" haitaki "about". "Return" haitaki "back".

Hatua ya 8: Ndani ya chumba

Usiisome insha yako kama hadithi, utajipenda. Ipitie mara kadhaa, kila mara ukiwinda kosa moja, ukianzia sentensi ya mwisho kupanda juu. Penye kosa kata kwa mstari mmoja, andika juu yake.

Kwenye maswali ya kuandika upya sentensi, badilisha ulichoagizwa tu, maana ibaki ileile. Kumbuka jozi: "No sooner had the bell rung than…", ila "Hardly had the bell rung when…".

Muda ukikubana, usihangaike kukagua "a" na "the". Kimbilia vitenzi.