Mwisho wa mwezi, anza na meseji za pesa

Ukitaka kuandika mwezi wako ulivyokwenda, usianze kwa kukumbuka. Kichwa hushika msiba, harusi na siku ya mshahara. Mengine yote kinayaacha yapite. Fungua kwanza meseji za M-Pesa, au za mtandao wowote unaotumia, uzisome kuanzia tarehe 1. Zina tarehe, saa, kiasi na jina, na hapo siku zinaanza kurudi: kumbe Jumanne ile ndiyo ulimtumia shangazi nauli, kumbe mvua ilikukuta kwa fundi cherehani. Muamala wenye kisa uandikie mistari miwili mitatu, basi. Halafu pitia picha za simu, hasa zile ulizopiga bila sababu (za harusi ziruke, kila mtu anazo).

Kwa vitabu, andika jina, ukurasa ulipoishia na sentensi moja uliyoinakili kwa mkono. Kama hukumaliza, taja ulipochokea na kwa nini. Kwangu mimi hilo lina faida kuliko kukisifu kitabu ulichokipenda.

Ukikaukiwa kabisa, soma kanga. Lile jina lililochapwa juu ya pindo la chini mara nyingi ni fumbo, na fumbo lina mlengwa wake. Nakili majina uliyoyaona sokoni, kwenye daladala au kwenye kamba ya kuanikia, kisha chagua moja ujiulize: nani aliinunua, na alitaka jirani yupi aisome?