Kujiandaa kwa Mashindano ya Shabaha ya Silaha Tatu Nchini Marekani

Katika mashindano ya silaha tatu, ambayo yana wafuasi wengi nchini Marekani, mshindani hutumia bastola, raifoli na shotigani, mara nyingi zote ndani ya kituo kimoja, yaani sehemu moja ya shindano yenye mpangilio wake wa shabaha, huku saa ikihesabu kuanzia mlio wa kuanzia hadi risasi ya mwisho. Anayeanza huuliza kwanza anunue bunduki gani. Ninamshauri aulize kwanza shabaha zitakuwa umbali gani, kwa sababu umbali ndio unaoamua darubini, aina ya risasi, na usalama wa kila anayesimama uwanjani.

Kabla ya yote, hakikisha kwamba sheria inakuruhusu kushika silaha. Mkazi wa kudumu, yaani mwenye kadi ya kijani, hazuiwi na sheria ya shirikisho kwa sababu ya uraia wake. Lakini aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya utalii, kwa kawaida haruhusiwi kuwa na silaha wala risasi, isipokuwa awe amepata mojawapo ya ruhusa maalumu zilizotajwa na sheria hiyo, kwa mfano leseni halali ya uwindaji. Majimbo nayo yana masharti yake. Kwa mfano, California huweka ukomo wa risasi 10 kwa magazini, yaani kasha linalobeba risasi za silaha, jambo linalobadilisha kabisa namna ya kupanga kituo.

Hatua inayofuata ni kusoma kitabu cha kanuni cha shindano lenyewe. USPSA, chama cha Marekani cha mchezo wa shabaha kilichoanzishwa mwaka 1984, kina kanuni za mashindano ya silaha nyingi, ila mashindano mengi hufuata kanuni za waandaaji wake, kwa hiyo usidhani kwamba kilichokubaliwa mahali pamoja kitakubaliwa kwingine. Kwa kawaida kipenyo cha chini ni milimita 9 kwa bastola, .223 (sehemu ya inchi) kwa raifoli na geji 20 kwa shotigani; geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na namba ikiwa ndogo mtutu ni mpana zaidi. Baada ya hapo chagua kundi. Kundi la Tactical, ambalo ndilo ningempendekezea mgeni, kwa desturi huruhusu darubini moja kwenye raifoli peke yake, na shotigani ya magazini ya bomba ambayo haianzi na zaidi ya risasi 9. Kundi la Open huruhusu karibu kila kitu na hugharimu ipasavyo, ilhali Heavy Metal hudai raifoli ya .308 na shotigani ya geji 12.

Risasi nazo hupimwa nguvu. Zidisha uzito wa kichwa cha risasi (katika greni, kipimo kidogo cha uzito) na kasi yake (katika futi kwa sekunde), kisha gawanya kwa 1,000. Risasi ya bastola ya greni 124 inayokwenda futi 1,050 kwa sekunde hupata 130, nayo inavuka kiwango cha chini cha USPSA cha bastola, ambacho ni 125. Raifoli ya .223 yenye risasi ya greni 55 na kasi ya futi 3,000 hupata 165, juu ya kiwango cha chini cha 150. Usilete risasi zenye kiini cha chuma kigumu, kwa kuwa hutoboa na kuharibu sahani za shabaha na huweza kurusha vipande; waamuzi wengi hupitisha sumaku juu ya risasi zako, na zikinata hazitumiki.

Sasa umbali. Bastola hufanya kazi zaidi kati ya yadi 5 na 25, na kanuni za USPSA hazikubali mtu apige shabaha ya chuma kwa bastola akiwa karibu zaidi ya futi 23, yaani mita 7. Shotigani yenye marisau, yaani vipira vidogo vingi vya madini ya risasi, kama ya ukubwa wa namba 7½, huangusha sahani vizuri hadi kama yadi 25; zaidi ya hapo marisau hutawanyika, na sahani huweza kupigwa na bado ikabaki imesimama, kwa hiyo utahitaji choki, yaani kibano cha mdomo wa mtutu, yenye kubana zaidi. Slagi, yaani risasi moja nzito ya shotigani, hupigwa mara nyingi kati ya yadi 50 na 100. Ukiipiga karibu huvunja vyuma vilivyokusudiwa marisau, na kosa hilo si la kusamehewa kirahisi.

Raifoli ndiyo yenye upeo mpana kuliko zote: karatasi za yadi 5, kisha sahani za chuma kigumu, ambazo watengenezaji wengi hushauri zipigwe kuanzia yadi 100, hadi yadi 300 na hata zaidi kwenye viwanja vyenye milima kama Whittington Center karibu na Raton, New Mexico. Ukirekebisha darubini kwa yadi 50, risasi ya .223 itabaki karibu na mstari wa macho hadi takriban yadi 200, kisha itashuka kiasi cha sentimita 20 ifikapo yadi 300. Wengi husahau upande wa karibu. Darubini hukaa sentimita 6 hivi juu ya mtutu, kwa hiyo kwa yadi 5 risasi hupiga karibu kiasi hicho chini ya pale unapolenga. Ikiwa shabaha nyeupe isiyoruhusiwa kupigwa imefunika nusu ya chini ya ile unayotaka, kulenga juu tu ya ukingo wake kutakupa adhabu. Fanya zoezi hili kwa karatasi kabla ya siku yenyewe.

Mwisho, jifunze kuiweka silaha chini. Unapohama kutoka raifoli kwenda bastola, raifoli huachwa ndani ya kisanduku au pipa lililoandaliwa, mtutu ukielekea upande salama, kizuizi cha usalama kikiwa kimefungwa au bunduki ikiwa tupu kabisa. Ukiiacha na risasi ndani ya chemba, yaani mahali inapokaa tayari kufyatuliwa, huku kizuizi kiko wazi, unaondolewa mashindanoni siku hiyo, hata kama ulikuwa unaongoza. Rudia mwendo huo nyumbani kwa silaha tupu, risasi zikiwa zimehifadhiwa chumba kingine, hadi kidole gumba kifunge kizuizi kabla mkono haujaachia bunduki.