Kuhamisha taa ya kutua kutoka globu kwenda LED: pima ethi kabla hujanunua taa

Taa ya zamani ya kutua kwenye Cessna 172, 182 na Piper PA-28 nyingi ni globu ya PAR36 (jina la ukubwa wa globu yenyewe): namba 4509 kwa ndege za volti 14, namba 4591 kwa za volti 28, zote za wati 100. Hiyo 4509 imetengenezwa kudumu saa 25 tu ikiwaka. Ikifungwa puani mwa ndege, karibu na injini, halafu ndege yenyewe ikawa inashuka kwenye viwanja vya vumbi na changarawe kama Msembe kule Ruaha, mtikisiko unaukata uzi wake hata kabla ya saa hizo. LED haina uzi wa kukatika, nyingi zinakula wati 45 hivi, na unaweza kuiacha ikiwaka safari nzima ya mchana ili ndege nyingine ikuone kati ya viwanja vya Songwe na Nduli.

Kufunga taa yenyewe ni kazi ya nusu saa. Ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, ndiyo inayokula siku.

Kabla ya kulipa

Cessna 172 zilihamia volti 28 kuanzia modeli ya 1978, lakini usiuamini mwaka peke yake. Fungua uone betri. Baadhi ya taa zinapokea volti 9 hadi 32, nyingine zina namba tofauti kwa kila volti, na ukikosea hapo umetupa pesa.

Kama ndege ni 5H, yaani ya usajili wa Tanzania, mhandisi wako mwenye leseni aone nyaraka za taa kabla pesa haijatoka. Hakikisha kibali kinataja modeli ya ndege yako na kwamba mzigo unakuja na cheti cha kipuri, yaani Form 8130-3 au EASA Form 1. Bila karatasi hizo mhandisi hawezi kusaini, na taa itabaki kabatini. Taa za trekta zinazouzwa madukani zinaingia kwenye tundu la PAR36 bila shida yoyote, na hapo ndipo mtego ulipo: hazikupimwa kwa DO-160, kipimo cha vifaa vya ndege, na nyingi zinamwaga kelele kwenye redio. Ziache zilime.

Watengenezaji wengi huuza taa kwa sura mbili, ya kutua na ya kutembea ardhini. Ndege ikiwa na taa moja tu, chukua ya kutua. Ile ya mwanga mpana inapendeza ukiwa umeegesha, ila ukiwa futi 200 juu ya njia haikuonyeshi swala aliyelala katikati.

Hatua ya 1: Weka alama ukutani

Egesha ndege mita 10 kutoka ukutani, sehemu tambarare, matairi yakiwa na upepo sahihi. Washa taa ya zamani, bandika tepu katikati ya doa la mwanga. Zima. Tepu ibaki hapo, na matairi yawekewe vigingi.

Hatua ya 2: Pima ethi, taa ya zamani ikiwa bado mahali pake

Wengi wanairuka hatua hii, halafu wanairudisha taa mpya kwa muuzaji wakidai ni mbovu.

Kwenye ndege nyingi waya chanya tu ndio unaokuja kwenye taa. Umeme unarudi kwa kupitia bati la ndege. Kila ribiti, kila bamba lililopakwa rangi na kila nati yenye kutu nyeupe ni mlango ambao umeme huo lazima upite. Globu hailalamiki, inafifia tu na kuwa ya njano. Na inafifia sana: ikipoteza volti 1.4 kati ya 14, mwanga unashuka karibu theluthi. LED ina tabia nyingine. Kifaa chake cha ndani kinajitahidi kutoa wati zilezile, kwa hiyo volti zikipungua kinavuta ampea zaidi, na zikishuka chini ya kiwango chake taa inazima, inawaka, inazima. Utaliona hilo hasa injini ikiwa inazunguka polepole ukitembea ardhini, altaneta ikiwa haijashika vizuri.

Usipime ethi kwa kipimo cha omu. Kiwango kinachokubalika cha njia ya kurudi ni omu 0.005, na mita ya kawaida haioni kitu kidogo namna hiyo. Waya zake zenyewe zina zaidi ya hapo. Pima volti, taa ikiwa imewashwa. Chukua waya wa ziada wa mita 7 wenye klipu, ubane kwenye hasi ya betri, upande wa pili kwenye mita. Ncha nyingine ya mita iguse skrubu ya ethi pale nyuma ya taa. Washa taa. Globu ya 4509 inavuta ampea 7.7 hivi, kwa hiyo njia nzuri itakuonyesha milivolti 40 au pungufu. Ukisoma milivolti 300, njia yako ina karibu mara nane ya kiwango, haijalishi inang'aa namna gani kwa macho. Ndiyo sababu ya kupima na globu: LED inavuta chini ya nusu ya ampea hizo, na ubovu unajificha. Fanya haraka, injini imezimwa na betri inaliwa.

Rudia upande wa chanya, kutoka chanya ya betri hadi skrubu ya chanya ya taa. Pande zote mbili zikijumlishwa zisizidi volti 0.5 kwa ndege ya volti 14, au volti 1 kwa ya 28. Ikizidi, sogeza ncha ya mita kituo kimoja kimoja: swichi, breka (inayokata umeme ukizidi), kiungio cha kwenye kava la injini. Pale namba inaporuka ndipo ugonjwa ulipo. Swichi za zamani zilizokaa kwenye vumbi ni washukiwa wa kwanza.

Kusafisha: fungua nati, sugua bati kwa nailoni ya kusugulia mpaka aluminiamu ing'ae. Kamwe usitumie pamba ya chuma. Punje zake zinabaki ndani ya aluminiamu na kuanzisha kutu upya. Badili kichwa cha waya kwa cha shaba iliyopakwa bati, kibane kwa koleo lake maalumu, si kwa pulaizi. Kaza, ndipo upake kinga ya kutu juu ya kiungio kizima. Pima tena.

Hatua ya 3: Funga

Globu haijali chanya na hasi, kwa hiyo rangi za waya za fundi aliyetangulia hazina ushahidi wowote. Tafuta chanya kwa mita. Breka iache ilivyo: inalinda waya, si taa. Rekebisha skrubu za mwelekeo mpaka katikati ya mwanga iangukie tepu.

Hatua ya 4: Redio na dira

Washa redio, weka skwelchi (kitufe cha kuzima mvumo wa redio) pale inaponyamazia, kisha washa na kuzima taa kwenye masafa kadhaa kati ya megahezi 118 na 136. Redio ikianza kuvuma yenyewe, rudi kwenye ethi ya taa na ya antena kabla ya kulaumu taa. Angalia dira pia, isisogee.

Hatua ya 5: Kioo

Kwa taa za bawani. Kioo cha plastiki kilichopauka kisugue kwa msasa wa maji 1500, kisha 2000, kisha dawa ya kung'arisha. Petroli na asetoni zinakipasua nyufa ndogondogo.

Globu ilikuwa inakausha unyevu kwa joto lake. LED haifanyi hivyo. Asubuhi za ukungu za Mufindi, au Mbeya mwezi wa Julai, mvuke utaganda ndani ya kioo na kubaki. Ziba kingo, lakini tundu la chini la kutolea maji, kama lipo, usiliguse na gundi. Upande wa pili, ukisubiri Msembe saa saba mchana bila upepo, zima taa: baadhi zikipata joto zinajipunguza zenyewe, na rubani anadhani ni ethi tena.